Wateja Waliorudi: Namna Mwekezaji wa Awali Anavyosoma Data za Kampuni Changa

Mwekezaji wa awali ni yule anayeweka fedha kwenye kampuni ambayo bado haijaona faida, mara nyingine haijatimiza hata mwaka. Benki inataka hati ya nyumba na mahesabu ya miaka iliyopita. Yeye hataki dhamana, anataka hisa. Kampuni ikifa, fedha yake imekwenda nayo. Ikikua, kipande chake kinakua. Anajua tangu mwanzo kwamba kampuni nyingi atakazozichagua zitakufa, na kwamba chache zitakazopona ndizo zitakazomrudishia fedha ya zote. Kwa hiyo anatafuta dalili mapema, na dalili hizo anazisaka kwenye kumbukumbu za biashara: nani alinunua, lini, kwa kiasi gani, akarudi au hakurudi. Hiyo ndiyo maana ya kuwekeza kwa kuongozwa na data.

Watu wa Moshi wana mfano wa jambo hili karibu na nyumbani. Miaka mingi kahawa ya nchi hii imekuwa ikiuzwa kwa mnada Moshi, na kabla ya mnada huwa kuna waonjaji. Mwonjaji hafungui gunia zima. Anachukua sampuli, inakaangwa kidogo, inasagwa, inamiminiwa maji ya moto kikombeni. Juu hutanda tabaka la unga. Analivunja kwa kijiko huku pua ikiwa karibu kugusa kikombe, kisha anafyonza kwa nguvu hadi sauti inasikika, anaitema, anaandika. Kwa vijiko vichache bei ya mzigo mkubwa inaanza kujulikana. Mwekezaji wa awali naye anaonja sampuli, ila yake ni ngumu zaidi: kahawa imeshavunwa na kukaushwa, kampuni bado iko shambani.

Sasa tuonje. Chukulia dada mmoja wa Moshi ameanzisha huduma ya kuwapelekea mama ntilie mboga na nyanya kutoka soko la Mbuyuni. Wateja wanaagiza jioni kwa WhatsApp, asubuhi bodaboda inafikisha, malipo yanaingia kwa Lipa Namba. Januari alihudumia wateja 40. Februari 67. Machi 134. Aprili 169. Ukiichora hiyo kwenye karatasi, mstari unapanda kama barabara ya kwenda Marangu. Vijana wengi huishia hapo na kwenda na mchoro huo mbele ya mwekezaji.

Mwekezaji anayejua kazi yake atauliza swali moja: “Dada, wale 40 wa Januari wako wapi leo?”

Ili kulijibu, wateja wanagawanywa kwa mwezi walioanza. Kila mwezi ni kundi lake, kama wanafunzi walioingia kidato cha kwanza mwaka mmoja, na unalifuata kundi hilo kuona wangapi wanabaki darasani. Kundi la Januari lilikuwa na watu 40. Februari walibaki 22, Machi 19, Aprili 18. Kundi la Februari lilikuwa 45, Machi wakabaki 25, Aprili 21. Kundi la Machi lilikuwa 90, na Aprili wakabaki 20. Aprili yenyewe iliingiza wapya 110.

Jumlisha walionunua Aprili: 18, 21, 20 na 110. Unapata 169, ile ile ya kwenye mchoro. Lakini sasa unaona kwamba kati ya hao, 110 ni wageni. Watu 175 walishawahi kujiunga kabla ya Aprili, na waliobaki ni 59. Mchoro unapanda kwa sababu ndoo inajazwa haraka kuliko inavyovuja.

Namba hizo si mbaya zote, na hapo ndipo ninapoipenda hesabu hii. Tazama Januari: 40, 22, 19, 18. Mwezi wa kwanza karibu nusu wameondoka, kisha kuondoka kumepungua hadi kukaribia kusimama. Hao 18 wamepata kitu wasichotaka kukikosa. Kampuni ambayo mstari wake unashuka halafu unalala tambarare ina msingi wa kujengea. Ile ambayo mstari wake unashuka hadi chini kabisa haina, hata kama leo ina wateja elfu. Kundi la Machi ndilo linalotia wasiwasi. Kwa nini Januari ilibakiza zaidi ya nusu mwezi uliofuata, na Machi ikabakiza 20 kati ya 90? Jibu la kwanza liko kwenye daftari: Machi kulikuwa na ofa ya kupelekewa mzigo bure. Wengine walikuja kwa ofa, ofa ikaisha, wakaondoka nayo.

Baada ya hapo anakuja kwenye fedha, na anaanza na oda moja. Tuseme oda ya wastani ni shilingi 20,000. Mzigo umenunuliwa sokoni kwa 16,500. Bodaboda 1,500. Mifuko na makato ya miamala 500. Kinachobaki ni 1,500. Wengi wakiulizwa mapato yao ni kiasi gani wanataja ile 20,000, wakati sehemu kubwa ya fedha hiyo inapita tu mikononi mwao kwenda kwa muuza nyanya.

Mteja aliyetulia anaagiza mara 10 kwa mwezi, kwa hiyo anaacha 15,000. Mwezi wa kwanza, akiwa bado anajaribu, anaagiza kama mara 6 na kuacha 9,000. Na kumpata kuligharimu: kijana wa kupita jiko kwa jiko, vocha, punguzo la oda ya kwanza, jumla tuseme 30,000 kwa kila mtu. Kundi la Januari lote lilikula shilingi 1,200,000. Likarudisha 360,000 Januari, 330,000 Februari, 285,000 Machi na 270,000 Aprili, yaani 1,245,000. Lilirudisha gharama yake mwezi wa nne, likabakiza 45,000. Kuanzia Mei, kila shilingi inayoachwa na watu wale 18 inakwenda kulipia pango na mishahara. Hiyo ndiyo sentensi ambayo mwekezaji alikuwa akiisubiri tangu alipokaa, na haikuwamo kwenye mchoro.

Lakini data za kampuni changa ni chache, na uchache huo una adhabu yake. Watu 18 kati ya 40 ni asilimia 45. Ukifuata kanuni za kawaida za takwimu, sampuli ya watu 40 inakuruhusu kusema tu kwamba kiwango halisi kiko mahali fulani kati ya asilimia 30 na 60. Huo ni upana mkubwa. Asilimia 30 inaweza kuifunga biashara, 60 inaweza kuifikisha Arusha na Tanga. Kwa hiyo mwekezaji anayejisifu kwamba namba zimemwamulia kila kitu katika hatua hii anajidanganya. Namba za mwanzo zinamwonyesha pa kuuliza. Uamuzi bado unamtegemea mtu aliyekaa mbele yake, soko lenyewe, na yale anayoyajua yeye juu ya biashara ya namna hiyo.

Majira nayo hupotosha. Kampuni ya Arusha inayohudumia waongoza watalii ikilinganisha Aprili na Februari itaonekana inakufa, kumbe mvua za masika zimefika na wageni wamepungua kama kila mwaka. Aprili inalinganishwa na Aprili iliyopita. Moshi ina wikendi ya Kilimanjaro Marathon, ambapo mji unafurika wakimbiaji na kila mwenye jiko ananunua mara mbili. Mtu asiyeijua Moshi ataona kilele hicho kwenye jedwali na kukidhania ni ukuaji.

Kwa wawekezaji wakubwa wa nje, data huanza kufanya kazi hata kabla ya kukutana na mtu. EQT Ventures ya Sweden ilitengeneza mfumo uitwao Motherbrain, unaosoma alama ambazo kampuni huacha mtandaoni ili kupendekeza zipi zifuatiliwe. SignalFire ya Marekani ilijengwa kwa wazo la aina hiyo. Mifumo kama hii hula vitu kama matangazo ya kazi, watu wanaotembelea tovuti, na programu zinazopakuliwa kwenye simu. Nina hoja moja hapa, na naisema kwa uchungu kidogo: dada yetu wa Mbuyuni haachi alama hizo. Hana tovuti, ajira zake zinatangazwa kwa mdomo, wateja wake wako kwenye simu yake. Mashine ya namna hiyo haimwoni kabisa, hata kama wateja wake wa Januari wamebaki vizuri kuliko wa kampuni iliyopambwa mtandaoni. Alama zake lazima aziandike mwenyewe.

Na inawezekana. Off Grid Electric, iliyokuja kuitwa Zola Electric, ilianzia Arusha mwanzoni mwa miaka ya 2010, ikiwapa watu umeme wa jua majumbani kwa kulipia kidogo kidogo kwa fedha za simu. Katika biashara ya namna hiyo kila malipo yanaacha kumbukumbu yenye tarehe, na kila aliyeacha kulipa anajulikana. Mwaka 2014 SolarCity ya Marekani ilikuwa miongoni mwa walioiwekea fedha. Data hazikuwa sababu pekee, lakini kampuni inayolipwa kwa simu ina cha kumwonyesha mtu aliye mbali, kitu ambacho fedha taslimu kwenye droo haiwezi kufanya.

Kwa hiyo, kabla ya programu yoyote ya kompyuta, daftari la kaunta lenye safu nne linatosha: tarehe, namba ya mteja, kiasi cha oda, gharama ya oda. Safu ya pili ndiyo wengi wanaiacha. Wanaandika “nyanya 20,000” bila kuandika nani kanunua, na miezi sita baadaye hakuna awezaye kujua kama ni watu kumi walewale au watu mia tofauti. Lipa Namba ya biashara iwe mbali na namba yako binafsi. Mwekezaji atachukua taarifa ya miamala na kuilinganisha na daftari mstari kwa mstari, na ada ya shule ya mtoto ikitokea katikati ya mauzo, kila namba nyingine inaanza kutiliwa shaka. Na unapompa jedwali la wateja, futa majina na namba zao za simu, weka namba za utambulisho tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawalinda hao mama ntilie hata kwenye daftari lako.

Akiridhika, fedha yenyewe huja vipi? Njia rahisi ni kununua hisa moja kwa moja: anatoa shilingi milioni 50 kwa asilimia 10, maana yake mmekubaliana kwamba kampuni, pamoja na fedha yake, ina thamani ya milioni 500. Ila kuipa thamani kampuni yenye miezi minne ni kazi ngumu, na mara nyingi ni mapatano tu. Ndiyo maana mwaka 2013 Y Combinator, taasisi ya Marekani inayolea na kuwekeza kwenye kampuni changa, ilitoa mkataba wa kurasa chache uitwao SAFE, ambao mwekezaji anatoa fedha leo na hisa zake zinahesabiwa baadaye, kampuni itakapopata mwekezaji mwingine wa kuipangia bei. Mwenye kampuni asome vizuri ukomo wa thamani ulioandikwa humo, yaani thamani ya juu kabisa ya kampuni itakayotumika kuhesabu hisa hizo, kwa sababu ndio unaoamua atabaki na kiasi gani cha jasho lake.

Wengine hutoa kwa awamu. Tuseme huyu wetu amekubali hivyo, na kabla ya awamu ya kwanza ameomba jambo moja: wale 70 wa Machi walioondoka wapigiwe simu. Dada anakaa jioni mbili na daftari na simu. Wa Bondeni na Majengo wanamwambia ni ofa, bei ya sokoni wanaijua. Wa Longuo na Rau wanasema kitu kingine. “Mwanangu, mzigo wako mzuri, lakini unanifikia saa tatu. Mimi saa kumi na moja moto umeshawaka.” Bodaboda ni moja, inaanza na walio karibu na soko, wa mbali wanafikiwa mwisho. Jedwali lilionyesha watu 70 wameondoka, saa ya kuwasha jiko haikuwa na safu ndani yake.

Awamu ya kwanza basi inakwenda kwenye bodaboda ya pili inayoondoka Mbuyuni saa kumi alfajiri kuelekea Longuo, na daftari linaongezwa safu ya tano: saa mzigo ulipofika. Awamu ya pili inasubiri kuona kundi la Juni litakuwa limebakiza wangapi ifikapo Septemba.