Gesi ya mtungini haitoki Mtwara

Juzi nilikuwa Mbezi kumkagulia mama mmoja jiko, swali likaja kabla sijafungua kisanduku cha vifaa: "Fundi, hilo bomba la kwenda Mombasa likijengwa, si mitungi itapanda bei? Gesi yetu yote si inahamia Kenya?"

Hapana. Gesi iliyomo mtungini haitoki Mtwara wala Songo Songo. Ni propani na butani, na inaletwa na meli kutoka nje. Inayochimbwa kwetu karibu yote ni methani. Propani na butani ukizigandamiza kidogo zinageuka kimiminika. Tikisa mtungi utasikia kinavyocheza. Methani haikubali hivyo mpaka uipoze hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, ndiyo maana inapitishwa bombani. Basi bomba la Dar es Salaam–Tanga–Mombasa, ambalo Tanzania na Kenya zilitia saini hati ya makubaliano yake Mei 2021, halichukui hata tone la mtungi wako. Ukitaka kujua bei inakwenda wapi, tazama soko la dunia na shilingi yetu mbele ya dola.

Na usichukue jiko la mtungi ukaliunganisha na gesi ya bomba bila kubadilisha nozeli, kile kitundu kinachotolea gesi! Methani inataka tundu kubwa zaidi. Ikivuja hupanda juu. Ya mtungini hutambaa sakafuni, kwa hiyo acheni kufungia mitungi kwenye kabati lisilo na matundu chini. Hili nalisema kila nyumba.

Wengine huuliza kama bomba hili la Mombasa ndilo lile la Hoima, Uganda. Silo. Lile ni la mafuta ghafi, kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga, na lazima lipashwe joto kwa sababu mafuta ya Uganda huganda.

Wengine nao husema: "Likipita kijijini kwetu tutapikia gesi." Si hivyo. Bomba kuu lina mgandamizo ambao hakuna jiko linaloweza kuupokea. Lazima kijengwe kituo cha kuupunguza, kisha mabomba madogo hadi majumbani. La Mtwara–Dar, la inchi 36, linafanya kazi tangu 2015, na kandokando yake watu bado wanapikia kuni. Ndugu zangu wa Tanga, wapimaji wakifika waulizeni kituo hicho kitakaa wapi, tena kabla mitaro haijachimbwa.