Taa ya Injini Inayofutwa na Kuwaka Tena: Namna ya Kutafuta Chanzo Ukiwa Nyumbani

Wenye magari wengi wanaokuja kwetu kuuliza kuhusu taa ya injini husimulia jambo lilelile: taa ilifutwa kwa mashine, ikakaa siku chache, kisha ikawaka tena. Husimulia hivyo kama malalamiko, kumbe ndani ya maelezo yao tayari kuna ushahidi, kwa kuwa muda ambao taa huchukua kabla ya kurudi, pamoja na hali ya gari wakati inaporudi, humwonyesha mtafutaji mahali pa kuanzia. Ushahidi huo mwenye gari anaweza kuukusanya mwenyewe nyumbani, kabla ya kununua kipuri chochote.

Kabla ya yote, itazame taa yenyewe. Ikiwa imewaka ya njano bila kumetameta na gari linakwenda kama kawaida, kuna nafasi ya kuchunguza kwa utulivu. Ikiwa inamweka, maana yake kwa kawaida ni kwamba silinda moja au zaidi haiunguzi petroli, na petroli hiyo inakwenda kuungulia ndani ya kisafisha moshi kilichoko kwenye bomba la ekzosi, ambacho mafundi hukiita masega, na joto lake linaweza kukiharibu kabisa kwa safari moja. Punguza mwendo, usimame mahali salama, na usiendelee na safari. Taa nyekundu ya shinikizo la oili au ya joto la injini ni jambo jingine tena: hapo injini huzimwa mara moja.

Kompyuta ya gari haiwashi taa ovyo. Kwa hitilafu nyingi za mfumo wa moshi, sharti ione kosa lilelile katika safari mbili zinazofuatana ndipo iwashe taa, na ikipita safari tatu mfululizo bila kuliona, huizima yenyewe. Hata hivyo namba ya hitilafu hubaki kwenye kumbukumbu mpaka injini ipashwe moto kama mara 40 bila kosa kurudi. Kwa hiyo taa iliyozimika yenyewe haimaanishi kwamba gari limepona, na taa iliyofutwa jana na ambayo leo haijawaka haijathibitisha lolote.

Magari yaliyouzwa Marekani tangu toleo la mwaka 1996, na ya petroli yaliyouzwa Ulaya tangu 2001, yana soketi ya pini 16 chini ya dashibodi upande wa dereva. Kifaa kidogo cha kusomea, hata kile kinachoungana na simu, huchomekwa hapo. Kosa kubwa ninaloliona likirudiwa ni kubonyeza kitufe cha kufuta kabla ya kuandika chochote. Pamoja na namba ya hitilafu, kompyuta huhifadhi picha ya hali ya injini wakati kosa lilipotokea: mwendo wa gari, mizunguko ya injini kwa dakika, joto la maji na mzigo wa injini. Ukifuta, picha hiyo hupotea. Kutoa waya wa betri nako kwa magari mengi hufuta vilevile. Andika kila kitu kwenye daftari, na uandike pia ulipokuwa unaendesha, kama kulikuwa na mvua, na ulipojaza mafuta mara ya mwisho.

Sasa rudi kwenye muda. Taa inayowaka mara tu unapogeuza ufunguo mara nyingi ina chanzo cha umeme: waya umekatika au umetafunwa na panya, soketi ya sensa imechomoka, fyuzi imeungua, au pini zimeota kutu ya kijani. Namba P0135, kwa mfano, inahusu kipasha joto cha sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni iliyomo kwenye moshi, na ni busara kuangalia fyuzi na waya wake kabla ya kuilaumu sensa. Taa inayorudi siku za mvua au baada ya kuosha injini huelekeza kwenye koili, yaani vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche, zenye nyufa au maji yaliyoingia kwenye mashimo ya plagi. Inayochukua wiki nzima au zaidi, hasa ikiambatana na namba kama P0455 au P0457, mara nyingi inahusu mvuke wa petroli unaovuja kutoka kwenye mfumo wa tangi, kwa sababu jaribio lake kwa kawaida hufanyika tu injini ikiwa imelala ikapoa na tangi likiwa si tupu wala si limejaa. Kagua mpira wa kifuniko cha tangi, ukikaze kifuniko chenyewe mpaka kilie, kisha uwe na subira.

Kama namba zimetokea nyingi kwa pamoja na hazihusiani, pima betri kwanza. Injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, betri nzuri huonyesha karibu volti 12.6, na injini ikizunguka, alternata kwa kawaida huipandisha hadi kati ya 13.5 na 14.7. Umeme dhaifu, au waya wa ardhi uliolegea, huifanya kompyuta ione makosa yasiyokuwapo.

Namba ya P0171 inastahili maelezo zaidi, maana imewafanya watu wengi wanunue sensa za oksijeni bila sababu. Inasema kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Haisemi kwamba sensa imekufa. Sensa ndiyo iliyoleta habari, na mjumbe hauawi. Injini ya petroli hulenga karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, na kompyuta huongeza au kupunguza petroli ili kuufikia uwiano huo. Kiasi cha marekebisho hayo huonekana kwenye kifaa kwa asilimia, na kwa kawaida hakitakiwi kuzidi 10 juu au chini. Kisome mara mbili: kwanza injini ikizunguka bila kukanyagwa, kisha ukiishikilia kwenye mizunguko 2,500. Ikiwa nyongeza ni kubwa mwanzoni na inashuka unapokanyaga, tafuta hewa inayoingia kwa njia ya wizi: mpira uliopasuka, gasketi iliyochoka, bomba la hewa lililolegea baada ya chujio. Ikiwa inapanda kadiri injini inavyobeba mzigo, shuku pampu ya petroli, chujio lake, au sensa ya hewa iliyochafuka. Kagua mipira kwa mkono injini ikiwa imezimwa na imepoa, na tafadhali usipulizie kimiminika chochote kinachoshika moto juu ya injini inayozunguka, ingawa utawaona wengi wakifanya hivyo.

Kwa injini inayomisi, yaani yenye silinda isiyounguza petroli yake, namba yenyewe hutaja silinda: P0302 ni silinda ya pili. Kama kila silinda ina koili yake, zima injini, hamisha koili ya silinda hiyo uipeleke ya tatu, kisha uendeshe. Namba ikigeuka P0303, mkosaji ni koili. Ikibaki palepale, tazama plagi. Baada ya hapo ni kazi ya fundi kupima nozeli zinazopulizia petroli na mgandamizo wa silinda.

Namba P0420 ndiyo yenye makosa ya gharama kubwa. Inasema masega hayasafishi moshi inavyotakiwa. Sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega, ikiwa ya aina ya kawaida, hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9, na iliyo nyuma yake inapaswa kutulia. Ikianza kuiiga ile ya mbele, masega yamechoka. Lakini ekzosi inayovuja karibu na sensa inaweza kutoa picha hiyohiyo, na masega mapya yatakufa kama ya zamani ikiwa injini bado inaunguza oili au inamisi. Kuyatoa kabisa hakuzimi taa, na huachia hewani moshi wenye kaboni monoksidi nyingi zaidi.

Baada ya matengenezo, fungua ukurasa wa kifaa unaoonyesha majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe. Kila moja husomeka kama limekamilika au bado, na baada ya kufuta, mengi huanza upya. Endesha safari za mchanganyiko, za mjini na za barabara ndefu, ukianza asubuhi injini ikiwa baridi. Jaribio linalohusu kosa lako likikamilika bila namba kurudi, hapo ndipo unaweza kuamini kwamba chanzo kimepatikana.