Je, wajua kwa nini mgonjwa hupata nguvu kwa kusema "siwezi"?

Ukiingia katika wodi yoyote jijini Nairobi Jumapili alasiri, saa za kuwaona wagonjwa, utasikia "Bwana asifiwe" mlangoni hata kabla wageni hawajaketi. Mgonjwa, ingawa ametundikiwa dripu na usiku hakufumba jicho, atajibu "Amina" na kuongeza kwamba hajambo. Wageni wakishaondoka, huyo huyo aliyekuwa hajambo hugeuka akauelekea ukuta. Je, imani ya Kikristo humtia nguvu kwa njia gani, ikiwa si kwa kumfundisha kusema hajambo?

Jibu limefichika katika lugha yetu wenyewe. Katika Kiswahili cha zamani, mtu asemaye "siwezi" husema kwamba ni mgonjwa, na ndivyo Waraka wa Yakobo ulivyotafsiriwa katika Biblia ya Kiswahili ya 1952: "Mtu wa kwenu amekuwa hawezi? Na awaite wazee wa kanisa." Katika Biblia hiyo hiyo, Mtume Paulo, ambaye alikuwa na alichokiita mwiba katika mwili na aliyemsihi Bwana mara 3 kiondoke, anasimulia alivyojibiwa: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Asiyeweza na uweza: mzizi ni mmoja. Katika Kiyunani cha asili, nako, neno la Yakobo la kuugua na neno la Paulo la udhaifu yana shina moja, lenye maana ya kukosa nguvu. Tazama pia kwamba mwiba wa Paulo hatuambiwi uliondolewa. Nguvu aliyopewa haikuwa uponyaji, na msomaji anayepita haraka hapo hukosa kiini cha jambo lote.

Ndiyo maana zaburi zinazomfaa mgonjwa si zile za shangwe peke yake. Takriban theluthi ya zaburi 150 ni za maombolezo, ambamo mwombaji anamuuliza Mungu hadi lini, na kwa nini amemwacha. Yesu mwenyewe msalabani alichukua maneno ya Zaburi ya 22. Nyingi kati ya hizo hugeuka mwishoni zikawa sifa, lakini Zaburi ya 88 haigeuki, na katika Kiebrania neno lake la mwisho kabisa ni giza. Waliokusanya kitabu hicho hawakuifuta. Mgonjwa aliyeambiwa na jirani zake kwamba "asikiri ugonjwa", kana kwamba kuutaja ni kuukaribisha (ushauri ambao, kwa maoni yangu, umewatwisha wagonjwa wengi mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza), hugundua hapo kwamba malalamiko yake tayari ni sala.

Wauguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya wenye maradhi mazito, wanalielewa jambo hili kwa upande wao. Cicely Saunders, Mkristo aliyefungua hospisi (nyumba ya kuwatunza wagonjwa waliokaribia kufa) ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa mahututi ni ya mwili, ya moyo, ya mahusiano na ya roho kwa pamoja, na kwamba mofini, dawa kali ya maumivu, peke yake haiyamalizi yote. Nairobi Hospice, iliyoko katika uwanja wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, imejengwa juu ya fikra hiyo hiyo. Anayejifanya hajambo hutumia nguvu chache alizobakiwa nazo kuwalinda wageni wasihuzunike, kisha hubaki peke yake na hofu ya matokeo ya vipimo na ya bili. Akikiri kwamba hawezi kuyabeba hayo peke yake, jumuiya au ushirika wa kina mama hujua cha kufanya: mmoja hupeleka uji, mwingine humchukua mtoto shuleni, mchango ukaanza.

Angalia pia kwamba Yakobo anamwachia mgonjwa mwenyewe hatua ya kwanza: "na awaite". Wazee huja na mafuta ya kumpaka mgonjwa, na ndivyo wafanyavyo mapadre na wachungaji wengi wa Nairobi vilevile. Zamani Wakatoliki waliita ibada hii mpako wa mwisho, na padre alipoingia watu wa nyumbani walianza kulia. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1963 ulieleza kwamba si ya wanaokata roho pekee, ikafaa zaidi kuitwa Mpako wa Wagonjwa.

Wala mafuta hayo hayashindani na dawa. Mfalme Hezekia alipoambiwa kwamba atakufa, aliugeukia ukuta, akaomba, akalia sana. Naye nabii Isaya, kabla hajatoka nje ya ua wa kati, akarudishwa na habari kwamba mfalme ataongezewa miaka 15. Kisha nabii akaagiza mkate wa tini (tini zilizoshindiliwa pamoja) uwe dawa, wakauweka juu ya jipu la mfalme.