Senti 2 kwa neno, na kazi isiyohesabiwa

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Arua aliniandikia usiku: "Dada, kuna watu wa Marekani wanataka niwaandikie kisa cha maneno 20,000. Senti 2 kwa neno. Hiyo ni dola 400! Nikubali?" Nilimpigia, tukaongea mpaka salio likaniishia. Ninayoandika hapa ndiyo niliyomweleza, pamoja na yale ambayo simu ilikatika sijayafikia.

Kwa asiyeijua kazi yetu: michezo ya kuigiza mezani ni ile ambayo watu wanne au watano huketi na dadu, karatasi na penseli, kila mmoja akibeba mhusika wake, na mmoja wao, mwendeshaji, akiwasimulia dunia inayowazunguka. Dungeons & Dragons, mchezo uliozaa mingine yote ya aina hii, ulitoka mwaka 1974. Nyuma ya vitabu vya michezo hii kuna waandishi wengi wasio na ajira, wanaopewa sura moja hapa, kisa kimoja pale. Mimi ni mmoja wao, mwaka wa tisa sasa, nikiandikia katika chumba kilicho nyuma ya duka la mama mdogo hapa Ntinda, Kampala.

Tunalipwa kwa neno. Desturi hiyo tumeirithi kwa majarida ya hadithi ya Marekani ya karne iliyopita, ambako senti moja kwa neno ilikuwa bei ya kawaida. Kwa hadithi hesabu hiyo ina mantiki yake, maana msomaji ananunua yale yale maneno anayoyasoma. Kwenye mchezo, mnunuzi anataka kitu kitakachofanya kazi mikononi mwa watu ambao mwandishi hatawaona kamwe.

Niliwahi kupewa kazi ya kubuni kiumbe anayekaa kwenye kivuko cha ziwani. Kisanduku chake kitabuni kina maneno 74: nguvu zake, kasi yake, afanyalo akijeruhiwa. Kwa senti 4 kwa neno, hizo ni dola 2 na senti 96. Jumamosi ya kwanza nilimweka mezani mbele ya wapwa zangu wawili na rafiki zao. Akawaua wote raundi ya pili. Nikampunguza makali, Jumamosi iliyofuata mpwa wangu mkubwa akamzunguka tu, akaenda zake, hana habari naye. Wiki nzima sikupata usingizi mzuri. Jumamosi ya tatu nilibadilisha jambo moja: akijeruhiwa, anawaacha watu na kuushambulia mtumbwi. Meza nzima ikainuka vitini. Mmoja anachota maji, mwingine anatupa mizigo, na yule mdogo, mwenye miaka 12, anakataa katakata kutupa gunia la mukene, yaani dagaa, kwa sababu mhusika wake alitumwa na mama yake. Sentensi iliyoleta yote hayo ina maneno tisa. Kwa bei ile, Jumamosi tatu zilinipatia senti 36.

Na hapo niliandika kwa Kiingereza. Ukipewa kazi ya kutafsiri mchezo kwa Kiswahili ndipo hesabu ya neno inakukata vibaya zaidi. "Hawatatufikia" ni neno moja kwetu; Kiingereza kinahitaji matano. Anayekubali kulipwa kwa maneno ya Kiswahili anaadhibiwa kwa jinsi lugha yake ilivyojengwa. Kazi kama hiyo itoze kwa maneno ya lugha unayotoka nayo, au kwa saa.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi nilianza daftari mwaka wangu wa nne, na ninasikitika kwamba sikulianza wa kwanza. Kisa cha kwanza nilichokiandika humo kilikuwa cha maneno 5,000 kwa senti 4, yaani dola 200. Saa 11 zilikwenda kusoma kanuni za mchezo, 26 kuandika rasimu, 9 majaribio mezani, 14 kurekebisha baada ya mhariri, 4 kuandikiana barua. Jumla saa 64. Makato ya kutuma na ya benki yalipomaliza kazi yao, zilinifikia dola 168. Nikipiga kwa shilingi 3,600, ni shilingi 9,450 kwa saa. Najua yupo atakayesema hizo si haba hapa Kampala. Lakini data, marekebisho ya kompyuta, na zile siku za kutafuta kazi nyingine baada ya hiyo kwisha havimo katika hesabu hiyo, na pesa zenyewe niliziona miezi 14 baada ya kukabidhi kazi.

Basi bei ya haki ni ipi? Kipimo ninachoanzia ni cha SFWA, chama cha waandishi wa hadithi za sayansi na fantasia cha Marekani, ambacho mwaka 2019 kiliweka senti 8 kwa neno kuwa kiwango cha chini cha malipo ya kitaalamu kwa hadithi fupi. Hicho ni cha hadithi, zisizo na kanuni za kujaribiwa mezani, kwa hiyo sioni kwa nini mchezo ulipwe pungufu.

Wachapishaji hujibu kwamba pesa hakuna, na mara nyingi wanasema kweli. Kitabu cha dola 50 kikipitia msambazaji na duka, mchapishaji hubaki na karibu dola 20, na humo atoe uchapaji, usafirishaji, mpangilio wa kurasa na michoro. Walakini hebu tupige hesabu. Kitabu cha maneno 100,000 kikipanda kutoka senti 5 hadi senti 10, nyongeza ni dola 5,000. Kikichapwa nakala 2,000, hiyo ni dola 2 na nusu kwa nakala. Mchapishaji asiyeweza kuzipata amekipangia kitabu chake bei mbaya, na pengo hilo asilijaze kwa jasho la mwandishi.

Kuna jibu jingine linaloniuma zaidi. Mhariri mmoja, nilipomwomba senti 7, alinijibu kwa upole kabisa kwamba maisha ya kwetu ni nafuu, kwa hiyo 3 zitanitosha. Kompyuta yangu sikuuziwa kwa bei nafuu. Na kitabu chake hakikupunguzwa bei kwa sababu sura ya nne iliandikwa Ntinda. Alipokuwa akikitangaza, alisifia sana kwamba kina sauti ya Afrika Mashariki. Sauti hiyo ndiyo aliyokuwa akiinunua kwa nusu bei.

Bei ikishakubaliwa, fungua mkataba utafute tarehe ya malipo. "Tutalipa kitabu kikitoka" ni maneno ya kuyakataa. Kitabu kinaweza kukwama kwa mchoraji au meli, au mchapishaji akabadili mawazo, na wewe ulishamaliza kazi yako. Miezi ile 14 ilitokana na kifungu hicho. Karo ya mdogo wangu ilibidi niikope. Dai siku 30 tangu rasimu ipokewe, dai malipo ya awali, na iandikwe utalipwa kiasi gani kazi ikivunjwa katikati.

Kisha haki. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 inasema kazi iliyoagizwa na mtu ni mali ya aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Ukinyamaza, umeshatoa. Wengi wetu tunadhani kunyamaza kunatulinda. Kama unauza haki zote, uza ukijua, na bei ipande. Jina lako libaki kwenye kitabu hata hivyo.

Wengine huahidi mrabaha, yaani fungu la mauzo, badala ya bei nzuri. Hapo kumbuka kodi. Marekani na Uganda hazina mkataba wa kodi ya mapato, kwa hiyo mrabaha wa vitabu vilivyouzwa kule hukatwa asilimia 30 kabla haujavuka bahari. Ujira wa kazi uliyoifanya ukiwa hapa Uganda haukatwi hivyo, mradi umejaza fomu yao ya W-8BEN, ya kuthibitisha kwamba wewe si wa kule. URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, itataka hesabu ya vyote viwili.

Na iwapo hakuna anayekubali bei yako, njia ya kuchapisha mwenyewe ipo. DMs Guild, soko la mtandaoni la visa vya mchezo ule wa 1974, lililofunguliwa 2016, humwachia mwandishi nusu ya mauzo, ila kazi uliyoiweka pale huwezi kuipeleka kwingine. Mimi napendelea njia ya pili: Januari 2023, baada ya waandishi na wachezaji kuja juu kuhusu leseni mpya, Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huo, waliziweka kanuni zake za msingi za toleo la 5.1 chini ya leseni huria ya Creative Commons. Leseni hiyo hairudishwi nyuma. Ukiwataja inavyotakiwa, unaweza kujenga kisa chako juu yake, ukichape Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, ukiuze bila kumwomba mtu ruhusa.

Yule kijana aliwaandikia asubuhi yake. Aliomba senti 6, nusu kwanza. Wakarudi na senti 5, robo kwanza, na salio ndani ya siku 45 tangu rasimu ipokewe; wakivunja kazi, watamlipa nusu. Ni dola 1,000 badala ya 400. Bado iko chini ya ninayoiona kuwa haki, nami nilimwambia hivyo, lakini uamuzi ni wake na ameutia saini. Sura ya pili ina soko la usiku ambalo taa zake huzimika moja moja. Ijumaa anapanda basi la usiku kuja kuijaribu mezani kwetu, na wapwa zangu wameshachagua wahusika.