Chekechea Iliyojengwa kwa Bei ya Kifaru cha Vita: Habari za Villa Cella

Katika miaka yote ambayo nimefanya kazi ya kuwaandaa walimu wa elimu ya awali, swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko jingine lolote ni namna ya kuwavuta wazazi waje shuleni. Walimu huliuliza kwa uchungu wa kweli, kwa maana wamekwisha kuandika barua, wamekwisha kuitisha mikutano, na wameona viti vikibaki vitupu. Jibu langu huanzia mbali, katika kijiji kidogo cha kaskazini mwa Italia, kwa sababu historia ya chekechea ya kijiji hicho ndiyo iliyonifundisha kwamba swali lenyewe tumelishika kwa upande usiofaa. Kule wazazi hawakuvutwa na mtu. Wao ndio waliotangulia, na shule pamoja na walimu wake vikafuata.

Kijiji hicho kinaitwa Villa Cella, nacho kiko kilomita chache kutoka mji wa Reggio Emilia, katika mkoa wa Emilia-Romagna. Wakazi wake walikuwa wakulima na vibarua, na Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimewapitia kwa ukali: nyumba zilibomolewa kwa mabomu, vijana wao waliingia katika kundi la wapiganaji wa upinzani, na familia nyingi zilikuwa katika msiba. Italia huadhimisha ukombozi wake tarehe 25 Aprili, kwa kukumbuka siku hiyo ya mwaka 1945. Majeshi ya Wajerumani yalipokimbia, yaliacha nyuma kifaru kimoja, malori machache na farasi kadhaa. Vitu hivyo vikawa mali ya wanakijiji, na hapo ndipo likazuka suala la matumizi ya fedha ambazo zingepatikana kwa kuviuza.

Masimulizi ya kijiji yanaeleza kwamba wanaume walipendelea kujenga ukumbi wa maonyesho, mahali pa watu kukusanyika na kufurahi baada ya miaka ya hofu, ilhali wanawake walisimama upande wa chekechea. Wanawake wakashinda. Napenda kulitafakari jambo hili kwa utulivu, kwa sababu wazo la wanaume halikuwa la kipuuzi hata kidogo. Kijiji kilichotoka vitani kina haki ya kutaka kucheka tena. Wanawake, hata hivyo, walikuwa wakibeba mzigo ambao wengine hawakuuona vizuri, yaani kulima, kufanya kibarua na kulea watoto wadogo kwa wakati mmoja, na walijua kwamba watoto wao wangeendelea kukua bila kusubiri hali ya nchi itengemae.

Ili uzito wa uamuzi huo ueleweke, inafaa kukumbuka hali ya shule za watoto wadogo nchini Italia kabla ya hapo. Padri Ferrante Aporti alifungua kituo cha kwanza cha aina hiyo katika mji wa Cremona mwaka 1828, na kwa zaidi ya karne moja iliyofuata malezi ya watoto wasiofikia umri wa shule ya msingi yalibaki kwa kiasi kikubwa mikononi mwa Kanisa na mashirika ya hisani. Hata nyumba ya watoto aliyoifungua Maria Montessori tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, mjini Roma, haikuanzishwa na wazazi. Ilianzishwa na kampuni iliyokuwa ikikarabati majengo ya mtaa huo, ambayo haikutaka watoto walioachwa peke yao mchana kutwa wayaharibu majengo yaliyokwisha kutengenezwa. Wazazi walipewa masharti, mojawapo likiwa kumleta mtoto akiwa safi. Simdharau Montessori kwa kusema hivyo, kwani kazi aliyoifanya ndani ya nyumba ile imebadilisha elimu ya dunia nzima; ninachotaka kionekane ni nani alikuwa mwenye nyumba. Katika Villa Cella, wenye nyumba walikuwa akina mama na akina baba wa watoto wenyewe.

Loris Malaguzzi, kijana wa miaka 25 aliyekuwa mwalimu, alipata fununu za habari hiyo siku chache tu baada ya vita kwisha. Hakuamini. Alipanda baiskeli yake akaenda kujionea, na alipofika aliwakuta wanawake wakiokota matofali katika vifusi vya nyumba zilizobomolewa na kuyaosha moja baada ya jingine. Aliwauliza wangepata wapi fedha, wakamweleza habari za kifaru, malori na farasi. Alipojitambulisha kuwa yeye ni mwalimu, walimwambia kwamba kama ni kweli, basi na ajiunge nao katika kazi. Baadaye Malaguzzi alikuja kuwa mmoja wa wanafikra wakubwa wa elimu ya awali wa karne ya ishirini, lakini yeye mwenyewe aliendelea kueleza kwamba mwanzo wa yote ulikuwa pale, mbele ya watu waliokuwa wamekwisha kuamua kabla yeye hajafika.

Ujenzi ulifanyika kwa ujima. Kiwanja kilitolewa na mkulima mmoja, matofali na boriti zilitoka katika vifusi, mchanga ukachotwa mtoni, na nguvukazi ikawa ya kujitolea, usiku na siku za Jumapili, baada ya kila mtu kumaliza kazi ya kumpatia riziki. Malaguzzi alikumbuka kwamba ndani ya miezi minane shule ilikuwa imeota mizizi. Shule ilipewa jina la XXV Aprile, yaani tarehe 25 Aprili, ili watoto wawe wakiitamka siku ya ukombozi kila wanapoitaja shule yao.

Haikubaki peke yake. Shule nyingine saba za namna hiyo zilianzishwa katika vitongoji na mitaa maskini ya Reggio Emilia, zote zikiundwa na kuendeshwa na wazazi, huku Umoja wa Wanawake wa Italia, uliojulikana kwa kifupi cha UDI, ukiwa nguzo kubwa ya uendeshaji. Hapa ningependa msomaji asidanganywe na uzuri wa habari za mwanzo. Kujenga ni kazi ya miezi, bali kuendesha ni kazi ya kila siku kwa miaka mingi, na fedha za kifaru kimoja zilikwisha mapema. Watoto wengi walikuja wakiwa na utapiamlo na afya dhaifu. Wengi walizungumza lahaja ya nyumbani tu, na Kiitaliano sanifu kilikuwa kwao kama lugha ya wageni. Walimu nao, ambao wengi wao walikuwa wamesomea katika shule za Kanisa, walilazimika kujifunza upya wakiwa kazini, na wazazi ndio walioombwa kuwasaidia. Baadhi ya shule hizo zilifungwa. Nyingi, hata hivyo, zilidumu kwa karibu miaka 20 bila kuwa na mfadhili mkubwa nyuma yake, na kwa mtu anayefahamu jinsi shule ndogo za jamii zinavyoweza kuyumba mara tu mtu mmoja mwenye ari anapohama, muda huo ni mrefu mno.

Mwaka 1963 manispaa ya Reggio Emilia ilifungua chekechea yake ya kwanza, yenye vyumba viwili vya madarasa na nafasi ya watoto 60, ikaitwa Robinson. Ilikuwa shule ya umma isiyo ya kidini, katika nchi ambamo jambo hilo lilikuwa bado linazua ubishi mkali, na Malaguzzi pamoja na wenzake walijua kwamba lazima wananchi waione kwa macho yao ndipo waiamini. Walichofanya kinanigusa hadi leo: mara moja kwa wiki waliipeleka shule mjini. Watoto, walimu na vifaa vyao walipakiwa katika lori, na masomo yakafanyika hadharani, viwanjani, katika bustani za umma au chini ya nguzo za jumba la maonyesho la manispaa. Watu waliokuwa wakipita katika shughuli zao walisimama wakatazama, wakauliza maswali, wakashangaa kwamba watoto wadogo kiasi kile walikuwa na mengi ya kusema.

Mwaka 1967 shule zilizokuwa zikiendeshwa na wazazi zilihamishiwa chini ya manispaa. Mwaka uliofuata Bunge la Italia likapitisha sheria namba 444 iliyoanzisha shule za awali za serikali, na mwaka 1971 ikaja sheria namba 1044 kuhusu vituo vya watoto wa chini ya miaka mitatu. Kwa mtazamo wangu, uhamisho wa mwaka 1967 ndio uliokuwa wakati wa hatari kuliko wakati wowote mwingine wa historia hii, hata kuliko miaka ya njaa. Shule ya jamii inapochukuliwa na mamlaka ya umma, mishahara huanza kulipwa kwa wakati na paa huacha kuvuja, na ni vema iwe hivyo. Lakini wazazi waliokuwa wakiamua hugeuka taratibu kuwa watu wa kuarifiwa. Mkutano uliokuwa wa kuamua huwa wa kusomewa matangazo. Hakuna anayekusudia jambo hilo, nalo hutokea kwa urahisi.

Reggio Emilia walilizuia kwa kuifanya sauti ya wazazi kuwa sehemu ya muundo wenyewe wa shule. Waliuita utaratibu huo uendeshaji wa kijamii: kila shule ina baraza linalochaguliwa, lenye wazazi, walimu na wakazi wa mtaa, wakiwemo wasio na mtoto shuleni. Zaidi ya baraza, ipo mikutano ya wazazi wa darasa moja, ambayo hufanyika jioni ili waliokwenda kazini waweze kufika, na ipo mikutano ya mada maalumu pale wazazi wanapotaka kulijadili jambo kwa kina. Zipo pia siku za kazi za mikono ambapo watu hutengeneza samani na vifaa vya kuchezea, na siku za wazazi kupika pamoja na mpishi wa shule. Mpishi huhesabiwa kuwa mmoja wa walezi, na jiko huwekwa mahali ambapo watoto wanaliona na kulifikia. Walimu hufanya kazi wawili wawili na hukaa na kundi lilelile la watoto kwa miaka mitatu, tangu umri wa miaka mitatu hadi sita, hivi kwamba mzazi hupata muda wa kutosha wa kumzoea mwalimu na hata kutofautiana naye bila kuvunjiana heshima. Sehemu ya saa za kazi za mwalimu katika wiki imetengwa kwa ajili ya mikutano, mafunzo na kuandaa kumbukumbu za kazi za watoto. Kipengele hiki cha mwisho hupuuzwa na wengi wanaotaka kuiga, ambao humtaka mwalimu afanye kazi ya jamii kwa muda ambao hawakumpa.

Kwamba utaratibu huo haukuwa pambo tu kulidhihirika mwezi Novemba mwaka 1976, redio ya serikali iliporusha hewani mfululizo wa shutuma dhidi ya shule za manispaa kwa madai kwamba zilikuwa zikiwapotosha watoto na kuzinyanyasa shule za Kanisa. Malaguzzi alisitisha ratiba ya kawaida na kuwaalika mapadri wa eneo hilo waje katika shule zenyewe kwa mjadala wa wazi. Mjadala huo uliendelea kwa karibu miezi mitano mbele ya wazazi, na kadiri siku zilivyopita ndivyo ukali ulivyopungua na hoja zilivyoanza kusikilizwa pande zote mbili. Shule ambayo wazazi wake huonekana siku ya sherehe peke yake isingeweza kuwaweka watu hao wote katika chumba kimoja kwa miezi mitano.

Mnamo Desemba 1991 jarida la Newsweek la Marekani liliitaja chekechea ya Diana, mojawapo ya shule za manispaa ya Reggio Emilia, kuwa miongoni mwa shule bora duniani, na tangu hapo wageni hawajakoma kumiminika. Wengi hurudi makwao wakizungumzia karakana za sanaa, vioo vikubwa na mwanga wa madirisha. Ni vitu vizuri, nami ninavipenda. Lakini ninapokutana na mwalimu aliyeagiza meza ya mwanga, yaani meza yenye taa chini ya uso unaopitisha mwanga, kwa ajili ya darasa lake, ilhali wazazi wa shule yake hawajui bajeti inapangwa na nani, humrudisha katika kile kifusi cha matofali, na kumwomba aanze kwa kuwauliza wakazi wa mtaa wake swali moja: iwapo mngepata fedha leo, mngetaka watoto wadogo wa hapa wapatiwe nini? Kisha akae kimya na kuandika wanachosema, hata kama ni ukumbi wa maonyesho.

Shule ya Villa Cella ina bamba la ukumbusho. Maneno yaliyoandikwa juu yake yamewekwa katika vinywa vya wanaume na wanawake kwa pamoja, nao wanasema kwamba walizijenga kuta za shule hiyo kwa sababu waliitaka iwe mahali papya na tofauti kwa ajili ya watoto wao. Tarehe iliyowekwa ni Mei 1945, mwezi ambao kuta zenyewe zilikuwa bado matofali yanayooshwa.