Kivuli cha Mkunguni na Riziki ya Mji wa Lamu

Atokaye Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, akaingia Kiwanja cha Mkunguni wakati wa alasiri hukuta wazee wameketi chini ya miti, na kando yao muuza kahawa ameteleka dele lake juu ya makaa. Mwenye haraka atasema hapo hapana biashara. Lakini kila aketiye hununua kikombe na kipande cha kashata, mwenziwe akifika huagiza cha pili, na mgeni aliyekuwa akipita tu kuelekea forodhani naye huketi hadi njaa ikamshika. Kiwanja cha umma huzalisha mali kwa muda ambao watu wanakaa, si kwa wingi wa wanaopita.

Ngome inayokikabili kiwanja hicho, iliyokamilika mwaka 1821, ilikuwa gereza hadi 1984. Ilipokabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya ikageuzwa mahali pa maonyesho, maktaba na mikutano. Lango ambalo hakuna aliyetamani kuliingia likawa sababu ya watu kufika, na soko lililo ubavuni mwake likanufaika na nyayo hizo.

Faida ambayo kwa maoni yangu haipewi uzito unaostahili imo katika ukarabati wenyewe wa majengo ya kale. Ukuta wa mawe ya matumbawe ukipigwa lipu ya saruji, unyevu na chumvi hufungika ndani, na baada ya misimu michache lipu hubanduka. Ukipigwa chokaa, unyevu hupata pa kutokea. Kazi ya chokaa hutaka mikono mingi na subira, kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha huishia kwa mafundi, vibarua na wenye punda wa papa hapa kisiwani, ambao jioni huzitumia katika maduka yaleyale.

Hata hivyo, kiwanja kikishapendeza, kodi ya vibanda hupanda, na wa kwanza kuondoka ni mama wa viazi vya karai. Akiondoka yeye, wateja wake nao hutawanyika. Ndiyo maana mpango wowote wa kukitengeneza kiwanja uanze kwa kuwaorodhesha wanaouza pale sasa, pamoja na saa zao na ukubwa wa meza zao, kabla ya mchoraji kushika kalamu. Kisha zitengwe fedha za kila mwezi za mfagizi (punda hawangoji bajeti) na za taa, kwa kuwa taa inayowaka hadi baada ya Isha humwongezea muuza mishkaki saa nzima ya mauzo.