Baruti, mtungi na mto: tunavyoikosea China ya kale

Dhana: Wachina waligundua baruti, wakaishia kurusha fataki.

Kufikia mwaka 1044, kitabu cha kijeshi cha dola ya Song, iliyotawala China wakati huo, kilikuwa na vipimo vya baruti ya vita, na mwaka 1132 waliozingirwa mjini De'an walijitetea kwa mikuki ya kutema moto. Kinachonishangaza mimi ni ilikotokea. Jina lake la Kichina, huoyao, maana yake "dawa ya moto". Wataalamu wa Kidao, yaani wafuasi wa Udao, falsafa ya kale ya Kichina ya kufuata maumbile, waliokuwa wakisaka dawa ya kuishi milele, ndio waliochanganya shura (aina ya chumvi) na salfa. Maandishi yao yanaonya kuhusu waliotia na asali, wakaungua mikono na nyuso, nyumba ikateketea.

Dhana: Udao ulichukia mashine.

Ushahidi unaotolewa kila mara ni kisa kimoja cha Zhuangzi, kitabu cha kale cha Kidao. Mzee anamwagilia bustani kwa mtungi, anashuka kisimani na kupanda, anashuka na kupanda. Zigong, mwanafunzi wa mwanafalsafa Confucius, anamweleza habari za mti wa kuchotea maji, mzito nyuma, mwepesi mbele, unaonywesha matuta mia kwa siku. Mzee anakasirika, kisha anacheka: mwenye mashine huishia kuwa na moyo wa mashine. Mtambo huo anaujua, ila ataona haya kuutumia.

Wengi hukomea hapo. Lakini Zigong anarudi kwa mwalimu wake, naye Confucius anasema mzee yule anajua la kwanza, la pili halijui. Anatunza ya ndani, ya nje kayaacha. Anayekitaja kisa hiki kama hukumu amesoma nusu.

Dhana: Kufuata maumbile ni kukaa bila kufanya lolote.

Kule Dujiangyan, Sichuan, mnamo mwaka 256 KK, gavana Li Bing hakuuziba mto Min kwa ukuta. Aliugawa kwa tuta la mawe yaliyojazwa kwenye matenga ya mianzi, ncha yake mfano wa mdomo wa samaki. Mkono wa ndani, unaopeleka maji mashambani, una kina zaidi, hivyo wakati wa ukame hupata maji mengi. Mafuriko yakija, mengi hupitia mkono wa nje. Mfumo huo unanywesha mashamba ya Chengdu hadi leo. Kanuni yake: chimba mchanga kwa kina, jenga kingo zisizo ndefu kwenda juu. Na kina chenyewe hakikukisiwa. Maji yakipungua, wachimbaji walishuka, wakachimba mpaka majembe yagonge vyuma vilivyolazwa chini ya mto.